Si Wapigaji wa Kukodi: John Scofield, Medeski Martin & Wood na Albamu ya A Go Go

Mwaka 1996 mpiga gitaa John Scofield alitoa albamu aliyoiita Quiet, yaani kimya, na jina lake halikudanganya. Alipiga gitaa la nyuzi za nailoni lisilo na umeme, nyuma yake zikapangwa ala za kupuliza kwa sauti ya chini, na miongoni mwa wageni alikuwamo Wayne Shorter, mpiga saksafoni ambaye tungo zake hufundishwa darasani popote jazi inapofundishwa. Ilikuwa kazi ya mtu mzima aliyekwisha kupata heshima yake.

Mwaka uliofuata, mtu yuleyule aliingia studio jijini New York na gitaa la umeme. Safari hii alikuwa na wanaume watatu waliotumia miaka kadhaa wakizunguka Marekani kwa gari lao, wakipiga katika baa na kumbi zisizo na viti vya kutosha, kwa sababu watu hawaendi kule kukaa. Hao ni John Medeski wa vinanda, Billy Martin wa dramu na Chris Wood wa besi. Tayari walikuwa bendi yenye jina lake, Medeski Martin & Wood, na mashabiki wake. Kilichozaliwa ni A Go Go, albamu ya nyimbo 10 iliyotolewa na kampuni ya Verve mwaka 1998 chini ya utayarishaji wa Lee Townsend.

Albamu hii huelezwa kwa sentensi moja: mpiga jazi kaamua kupiga fanki, muziki wa kucheza wa Wamarekani weusi unaoegemea mdundo, pamoja na vijana. Sentensi hiyo si ya uongo, lakini inafunika karibu kila kilicho kizuri ndani yake. Nimeisikiliza kwa miaka mingi, na kila nikirudi naona kwamba swali la fanki ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ni swali la nani alimwendea nani. Scofield hakuwaita wapigaji waje kumtumikia. Yeye ndiye aliyeingia katika nyumba ya watu, akavua viatu mlangoni.

Fanki haikuwa ngeni kwake

Kwanza tuondoe dhana kwamba A Go Go ndiyo siku Scofield alipoigundua fanki. Alizaliwa Dayton, Ohio, mwaka 1951, akakulia Wilton katika jimbo la Connecticut, na kama vijana wengi weupe wa umri wake alilijua gitaa kupitia bluzi na roki kabla ya jazi. Alisoma katika chuo cha muziki cha Berklee, Boston. Katika miaka ya 1970 alipiga katika bendi ya mpiga dramu Billy Cobham na mpiga kinanda George Duke, ambako umeme na mdundo mzito vilikuwa chakula cha kila siku, na mwaka 1977 akarekodi na mpiga besi Charles Mingus. Kisha mwaka 1982 akaingia katika bendi ya mpiga tarumbeta Miles Davis.

Hapo kwa Miles pana jambo ambalo bila hilo huwezi kuielewa A Go Go. Miles alizaliwa mwaka 1926. Scofield alikuwa mdogo kwake kwa miaka 25. Mzee huyo hakumwajiri kijana ili amfundishe nyimbo za zamani. Alimsikiliza akibuni solo papo hapo, na pamoja na mpangaji wa muziki Gil Evans wakachukua vipande vya solo hizo, wakaviandika, wakavigeuza kuwa tungo za bendi. Fikiria: kijana anapiga tu, anatafuta njia, na kesho anakuta alichokitafuta kimekuwa wimbo. Scofield alikaa humo hadi mwaka 1985 na anasikika katika albamu za Star People, Decoy na You're Under Arrest. Aliona kwa macho yake jinsi mzee anavyoweza kuchota kwa vijana bila kupungukiwa na kitu.

Alipotoka kwa Miles aliunda bendi yake ya fanki, na ilikuwa kali. Albamu ya Blue Matter, iliyotoka mwaka 1986, ina Dennis Chambers kwenye dramu, fundi aliyetokea katika kundi la Parliament-Funkadelic, na Gary Grainger kwenye besi. Sikiliza kazi za kipindi hicho na utasikia misuli: dramu zinajaza kila nafasi, besi inaruka, gitaa linakimbia juu yake. Ni muziki wa kustaajabia. Ndiyo maana watu waliposikia A Go Go miaka 12 baadaye walishtushwa na uchache wake, wala si na fanki. Noti zimepungua. Nafasi zimebaki wazi. Kuna mahali unasikia ala moja tu ikizungumza na nyingine zote zikingoja.

Pigo moja, vipande vinne

Ili kuona ugumu wa uchache huo, inabidi tuelewe fanki inamtaka nini mpiga jazi.

Chukua pigo moja la mguu. Mpiga jazi wa mtindo wa swingi huligawa vipande viwili visivyo sawa, cha kwanza kirefu na cha pili kifupi: taa-ka, taa-ka, kama mtu anayechechemea kwa madaha. Mpiga fanki huligawa pigo lilelile vipande vinne vilivyo sawa, ti-ki-ti-ki, kisha akachagua vipi vya kupiga na vipi vya kuviacha. Utamu wake uko katika kuacha. Nafasi tupu katikati ya mapigo ndiyo inayomfanya msikilizaji aijaze kwa bega, kwa shingo, kwa kiuno.

Mwimbaji James Brown ndiye aliyeweka sheria kuu ya muziki huu, kwa nyimbo kama "Papa's Got a Brand New Bag" ya mwaka 1965 na "Cold Sweat" ya mwaka 1967. Aliwataka wapigaji wake waliheshimu pigo la kwanza la kila mzunguko kuliko yote. Wakutane hapo wote kwa pamoja, kisha kila mmoja aende zake hadi pigo hilo lirudi. Gitaa likaacha kuwa ala ya kuimba likawa ala ya kukwaruza, kama kayamba. Jimmy Nolen, mpiga gitaa wake, alibana nyuzi nusu kwa mkono wa kushoto na kuzikwangua kwa mkono wa kulia hadi zikatoa mlio mkavu ambao watu waliufananisha na kuku anayeparua.

Lakini mabadiliko makubwa kwa mpiga jazi yalikuwa katika kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja kuubeba wimbo. Katika jazi ya kawaida kodi hubadilika haraka, na ustadi wa mpigaji hupimwa kwa namna anavyopita katikati yake bila kugonga kitu, kama dereva wa basi la milimani anayejua kila kona. Fanki inampa dereva huyo barabara iliyonyooka. Kodi moja, labda mbili, kwa dakika nzima au zaidi. Ujuzi wake wote wa kona hauna kazi. Afanye nini?

Wengi hukimbia. Huongeza noti, huongeza kasi, hujaza barabara nyoofu kwa kelele ya injini. Jazi ya umeme ya miaka ya 1970 ina rekodi nyingi za namna hiyo, na nyingine bado zinasisimua, ila mdundo ndani yake unageuka kuwa zulia la kukanyagwa na mpiga solo.

Scofield alikuwa na jibu jingine, na linatokana na tabia ya gitaa lake. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 amepiga Ibanez AS-200, gitaa la umeme lenye uwazi kiasi ndani ya mwili wake, lenye sauti nene na chafu kidogo pembeni. Hapigi kila noti kwa mkono wa kulia. Anagonga moja, kisha mkono wa kushoto unazitelezesha zile zinazofuata, hivyo maneno yake yanasikika kama ya mtu anayeongea bila kufungua mdomo sana. Tena ana mazoea maarufu ya kutoka nje ya ufunguo wa wimbo, yaani lile kundi la noti ambalo wimbo umejengwa juu yake. Anasogea nusu hatua upande usiotarajiwa, anakaa huko kwa muda unaotosha kumtia msikilizaji wasiwasi, halafu anarudi. Ni kama mchezaji anayetoka kwenye duara la ngoma, akazungusha mwili kinyume na wenzake, akawa amerudi mahali pake kabla duara halijamkosa.

Sasa fikiria utokaji huo ndani ya wimbo ambao kodi zinabadilika kila sekunde. Msikilizaji wa kawaida hatajua kama mpigaji ametoka au bado yumo, maana hata nyumba yenyewe inatembea. Ndani ya fanki, ambako nyumba haisogei, kila hatua ya nje inaonekana kwa kila mtu, hata kwa yule asiyejua jina la noti hata moja. Barabara nyoofu iliyoonekana kuwa kifungo ndiyo inayoufanya ubunifu wake ueleweke. Kwangu mimi huo ndio uvumbuzi wa A Go Go kwa upande wa gitaa, na haukuhitaji noti nyingi.

Bendi ni kitu kingine kabisa

Hata hivyo barabara hiyo ililazimika kujengwa na mtu. Tuwatazame hao watatu.

Medeski na Wood walikutana Boston, katika chuo cha muziki cha New England Conservatory, mji uleule ambao Scofield alisomea. Mpiga dramu Bob Moses ndiye aliyewaunganisha na Billy Martin, na mwaka 1991 wakaanza kupiga kama watatu jijini New York. Mwanzoni Medeski alikuwa akipiga piano. Walipoanza kusafiri wakakuta kumbi nyingi hazina piano, au zina piano isiyofaa, naye akahamia kwenye vinanda vya umeme anavyoweza kusafiri navyo, kikiwamo kile kizito kuliko vyote, ogani ya Hammond yenye spika inayozunguka. Ukosefu wa piano katika baa za Marekani ukawapa sauti yao.

Ogani hiyo ina historia yake katika jazi. Tangu miaka ya 1950 Jimmy Smith aliifanya kuwa jeshi la mtu mmoja: mkono wa kulia unaimba, mkono wa kushoto na miguu vinashika besi. Bendi za ogani, gitaa na dramu zilijaa katika baa za watu weusi wa miji ya Marekani, na muziki wao ulikuwa jazi inayonuka chakula cha jioni, jazi ambayo mtu aliweza kuichezea. Medeski Martin & Wood waliirithi, ila wakaongeza jambo moja lililobadilisha hesabu yote: walikuwa na mpiga besi. Chris Wood alipoibeba besi, ile kubwa ya kusimama au gitaa la besi, mkono wa kushoto wa Medeski ukawa huru. Ungeweza kukwaruza, kunguruma, kulia kama mlango, au kunyamaza kabisa.

Na Billy Martin hapigi kama Dennis Chambers. Anapiga kama mtu wa New Orleans, ingawa kazaliwa New York. Katika mji ule wa kusini, maandamano ya bendi za matarumbeta mtaani huwa na watu wanaofuata nyuma wakicheza, na mdundo wa kutembea na kucheza kwa wakati mmoja ukazaa namna ya kupiga ambayo haiko kwenye taa-ka wala kwenye ti-ki-ti-ki. Iko katikati. Inachechemea kidogo tu, kiasi ambacho huwezi kukiandika vizuri kwenye karatasi. The Meters wa mji huo waliipeleka namna hiyo redioni kwa "Cissy Strut" mwaka 1969, wakiwa na ala nne: gitaa la Leo Nocentelli, ogani ya Art Neville, besi ya George Porter Jr. na dramu za Zigaboo Modeliste. Hesabu tena: gitaa, ogani, besi, dramu. Ndizo hizohizo za A Go Go. Anayetaka kujua babu wa albamu hii asimtafute mbali zaidi ya hapo.

Hapo ndipo tofauti ya kukodi wapigaji na kuingia katika bendi inapojitokeza. Mpiga jazi mwenye jina akitaka kurekodi, desturi ni kupiga simu. Anachagua mpiga dramu bora anayepatikana, mpiga besi bora anayepatikana, wanakutana studio, wanasoma karatasi, siku mbili au tatu kazi imekwisha. Kwa jazi ya kubadilisha kodi, utaratibu huo umezaa kazi kubwa ajabu, kwa sababu lugha ya kodi ni ya wote. Mabingwa wawili wasiojuana wanaweza kuizungumza wakikutana leo.

Lugha ya kipande kidogo cha wakati si ya wote. Hiyo huzaliwa kwa watu waliopiga pamoja usiku 200 kwa mwaka, wakala pamoja, wakagombana ndani ya gari, mpaka Wood anajua Martin atachelewesha pigo la nne kwa kiasi gani kabla Martin mwenyewe hajaamua. Hakuna karatasi ya kuandikia hayo. Huwezi kuyakodi kwa siku tatu. Unayakuta yakiwa tayari, au huyapati. Scofield alikuwa mtu wa kutosha kuyatambua, na hakuwavunja ili achukue mmoja. Aliwachukua wote watatu kama walivyo, akajitia ndani kama wa nne.

Msomaji aliyekulia muziki wa dansi wa Tanzania, Kenya au Kongo hili atalielewa upesi kuliko wasomaji wengine. Kwetu neno lenyewe "jazz" lilibandikwa kwenye bendi za kuchezea: Morogoro Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, na kule Kinshasa OK Jazz. Tunajua kwamba gitaa la solo peke yake halichezeshi mtu. Linachezesha kwa sababu gitaa la rizimu halikuteleza, gitaa la pili limeingia katika mwanya, na besi imetua pale mguu unapotua. Tunajua pia kwamba wapigaji wa bendi moja wakihamia bendi nyingine, ladha huhama nao au hupotea njiani, ingawa nyimbo ni zilezile. Simaanishi kwamba dansi ndilo lililozaa A Go Go. Asili yake nimekwisha kuitaja. Nasema sikio lililolelewa na bendi lina pa kuishikia albamu hii. Usianze kwa kulifuata gitaa. Anza na dramu na besi, zungumza nazo kwa kichwa chako wimbo mzima, halafu urudi mwanzo ndipo umsikilize Scofield.

Ukifanya hivyo kwenye wimbo wa kwanza, wenye jina la albamu, utasikia kwamba kipande cha gitaa ni kidogo kiasi cha kuweza kuimbwa na mtoto, na kinarudi na kurudi. Kwenye "Chank" gitaa linakuwa kayamba, linafanya kazi ya Jimmy Nolen, na mtu mwenye uwezo wa kupiga noti 1,000 anaridhika na mkwaruzo. "Green Tea" inatembea polepole, ina upole wa jioni. "Kubrick" ni tulivu zaidi, karibu ituame, na inakukumbusha kwamba yule mtu wa Quiet hakwenda popote. Upo pia "Hottentot", wimbo ambao wapiga gitaa wengi hujifunza. Jina lake linaniuma. Ni neno ambalo walowezi wa Kiholanzi waliwabandika Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika, na hadi leo ni tusi. Muziki wenyewe naupenda. Ningependa uwe na jina jingine.

Wimbo ni wa nani?

Tumefika kwenye fundo ambalo mazungumzo mengi kuhusu albamu hii hulipita kimya. Nyimbo zote 10 za A Go Go zimeandikwa kwa jina la Scofield. Kwa sheria na desturi ya biashara ya muziki Marekani ni halali kabisa: yeye ndiye aliyeleta sauti kuu za nyimbo na kodi zake, na hivyo ndivyo vinavyohesabika kama utunzi. Mdundo wa dramu hauhesabiki. Besi mara nyingi haihesabiki. Namna ogani inavyonguruma haihesabiki kabisa.

Lakini jiulize: ukiondoa dramu za Martin katika wimbo wa fanki wenye kodi moja na sauti kuu ya noti saba, kinabaki nini? Sheria iliyotungwa ikiwa na nyimbo za kuandikwa kwenye karatasi akilini inakutana na muziki ambao sehemu kubwa ya mali yake iko mahali karatasi isipofika. Jambo hili limewaumiza watu. Clyde Stubblefield alipiga dramu katika "Funky Drummer" ya James Brown, iliyotoka mwaka 1970. Sekunde chache za dramu zake, akiwa amebaki peke yake, zilinakiliwa na kutumika katika mamia ya nyimbo za hip hop. Utunzi uliandikwa kwa jina la Brown. Stubblefield alifariki mwaka 2017 akiwa mmoja wa watu waliosikika zaidi duniani na mmoja wa walionufaika kidogo zaidi na kusikika huko. Huwa siwezi kulizungumza jambo hili kwa utulivu.

Sidai kwamba Scofield aliwadhulumu wenzake watatu. Walikuwa bendi yenye mkataba wake na njia yake. Mwaka huohuo wa 1998 walitoa albamu ya Combustication kwa kampuni ya Blue Note, wakiwa na DJ Logic akichezesha santuri kama ala. Ninachosema ni kwamba A Go Go ina miguu miwili katika mitumbwi miwili. Kimuziki ni kazi ya bendi. Kwa jina na kwa utunzi ni kazi ya mtu mmoja. Mitumbwi hiyo ilikaa sambamba kwa sababu watu waliomo waliheshimiana, lakini ilikuwa miwili.

Walivyopokelewa

Kulikuwa na mvutano mwingine wakati ule ulioipa albamu hii uzito kuliko ilivyokusudia. Katika miaka ya 1990 sauti yenye nguvu zaidi katika jazi ya Marekani ilikuwa ya mpiga tarumbeta Wynton Marsalis na taasisi ya Jazz at Lincoln Center, iliyosisitiza kwamba jazi bila swingi na bluzi si jazi. Marsalis alifanya kazi kubwa: alirudisha heshima ya mabingwa wa zamani, akawafanya vijana wavae suti na kusoma historia. Lakini ukuta aliojenga uliwaacha wengi nje, na muziki wa kuchezewa kwa umeme ulikuwa miongoni mwa walioachwa. Medeski Martin & Wood hawakubisha mlango huo. Walipata hadhira yao upande mwingine, kwa mashabiki wa bendi ya Phish na bendi nyingine za roki zinazopiga wimbo mmoja kwa dakika 20, vijana ambao hawakujali kama kitu kinaitwa jazi mradi kinabuniwa mbele yao.

Scofield alipopiga nao, vijana hao wakampokea. Mtu wa miaka 46 akajikuta anasikilizwa na wanafunzi wa vyuo waliosimama. Nadhani hili lilimgusa kuliko mauzo, kwa sababu ya alichofanya baadaye. Hakurudi nyuma kana kwamba A Go Go ilikuwa matembezi ya wikiendi. Alitoa Bump mwaka 2000, na mwaka 2002 Überjam, akiwa na bendi mpya ya vijana: Adam Deitch kwenye dramu, Jesse Murphy kwenye besi, na Avi Bortnick aliyepewa kazi ya gitaa la rizimu pamoja na sauti za kunakiliwa kwa kompyuta. Huyo Bortnick ni alama ya kile Scofield alichojifunza. Mpiga gitaa bingwa wa jazi akaajiri mpiga gitaa mwingine wa kukaa na mdundo wakati wote, ili yeye mwenyewe aweze kunyamaza bila wimbo kuanguka.

Zipo kasoro pia, na nisizifiche. Nyimbo mbili tatu za A Go Go zinafanana mno mwendo, na ukisikiliza albamu yote mfululizo kuna mahali katikati hamu inalegea. Medeski, ambaye katika rekodi za bendi yake ana wazimu wa kupendeza, hapa mara nyingine amejizuia kama mwenyeji anayemwachia mgeni kiti kikubwa. Napenda adabu hiyo, na bado namtamani yule mwingine.

Nilimpata miaka minane baadaye. Mwaka 2006 wanne hao walikutana tena na kurekodi Out Louder, safari hii katika studio ya Medeski Martin & Wood wenyewe huko Brooklyn, na kuitoa kwa kampuni yao wenyewe, Indirecto. Hakukuwa tena na mgeni anayeleta nyimbo 10 mkobani. Sehemu kubwa ya albamu ilizaliwa studio kwa kubuni pamoja, na utunzi wake ukaandikwa kwa majina ya wote. Ogani inaunguruma inavyotaka. Kuna dakika ambazo huwezi kujua ni gitaa au kinanda kinacholia, na hakuna anayekimbilia kukueleza. Walizunguka na muziki huo, wakatoa rekodi ya maonyesho yao mwaka 2011, kisha albamu nyingine, Juice, mwaka 2014.

A Go Go ilitoka chini ya jina John Scofield. Out Louder ilitoka chini ya jina la kundi, nalo halikuwa Scofield na wenzake, wala bendi na mgeni wao. Limeandikwa Medeski Scofield Martin & Wood. Mzee yuko wa pili kwenye mstari, kati ya kinanda na dramu.